Kitovu cha Kioo

Walipogawa mirathi ya nyanya, Kibokoni,
samadari ilikwenda kwa Mjomba Twalib,
cherehani kwa Saumu, mikufu kwa mizani,
na mimi, mtoto wa binti,
nisiye na fungu katika hesabu ya kadhi,
nikapewa kile ambacho hakuna aliyekitaka:
chombo cha maua, kioo kizito,
rangi ya moshi wa udi uliokwama njiani,
na ndani ya moshi tone la zambarau
lisilofika chini.

"Cha Sultani," alisema Mjomba Twalib.
"Cha Muajemi," akasema Saumu.
Jirani aliyeingia kuomba chumvi akasema
cha Marikiti, shilingi mia, vimejaa tele.

Nikakipeleka kwa muuza bizari akipime:
kilo mbili na robo, na harufu ya iliki
ikanifuata mpaka nyumbani.
Nikakigonga kwa ukucha.
Debe tupu haliachi kuvuma, twajua,
lakini hiki kilitoa sauti moja nyembamba,
nikahesabu hadi tisa ndipo kikanyamaza.

Usiku nikakimulika kwa tochi ya simu.
Kanzu ya maji juu ya kanzu ya moshi,
na kipovu kimoja, kidogo kuliko punje ya ufuta:
pumzi ya mtu nisiyemjua
iliyokosa mlango wa kutokea.

Nargis, fundi saa wa Barabara ya Biashara,
akabana lenzi jichoni, akakipindua kama mkunga.
"Tazama kitovu," akasema.
"Cha kalibu hakina kitovu.
Hiki kilipulizwa, kikakatwa kwenye chuma chake,
kovu likasagwa mpaka likawa laini."
Akasogeza taa. Kando ya kitovu, mikwaruzo:
herufi moja, labda K, labda R,
nafasi, kisha mbili, kisha nne, kisha ukungu.
Nyanya alikisugua kwa jivu na makumbi
kila Alhamisi, miaka arubaini.
Jina la fundi alilisafisha.

Babu alikuwa karani wa gati, Kilindini.
Alihesabu marobota ya karatasi kutoka Uswidi
na hakupokea rushwa, ndivyo tulivyoambiwa;
chombo, basi, kilikuwa zawadi.
Nyanya akiulizwa, alishikwa na kikohozi.

Nikapiga picha: ubavu, mdomo, kitovu.
Nikaandikia jumba la makumbusho la huko
misituni wanakoyeyusha mchanga.
Wiki sita. Likaja jibu la mama mmoja, Gunnel,
adabu tupu:
huenda ni cha miaka ya hamsini,
huenda ni cha kiwanda hiki, huenda cha jirani yake,
bila saini hawezi kuapa.
Kisha, mwishoni, kama mtu aliyekwisha kuaga
akakumbuka mwavuli wake:
ndani naona mstari mweupe wa chokaa.
Unashusha thamani. Kijaze siki, siku mbili,
utaondoka.

Siki nilinunua.

Lakini mstari ule naujua.
Ni maji ya kisima cha uani, ya chumvichumvi,
vidole vinne kutoka chini, hayazidi, hayapungui,
kwa kuwa mrehani ukizama zaidi, alisema,
hunywa ukasahau kunukia.
Nimeweka vidole vyangu ubavuni nikapima.
Vyangu vinapita kidogo.
Alikuwa na mikono midogo, nilikuwa nimesahau.

Mjomba Twalib huuliza kila Ijumaa: bei gani?
Namwambia bado twachunguza.

Nimeandika kikaratasi, nimekibandika chini,
nisizibe kitovu:
Uswidi, kwa dhana.
Kiwanda, hakijulikani.
Fundi, herufi moja.
Chokaa, Rukiya binti Athman, kwa yakini.

Siki nimeitia kwenye achari ya ndimu.